Mikanda, Diski na Kumbukumbu za Sebuleni

Tangu hapo kale watu wa pwani yetu wamekuwa na desturi ya kunakili. Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake hutajwa kuwa wa mwaka 1728, haukutufikia kwa sababu ulichapishwa ulipotungwa, bali kwa sababu palikuwa na watu waliokaa chini wakaunakili kwa kalamu na wino, kisha wakauficha sandukuni usiliwe na mchwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi chungu nzima kwa mkono wake mzuri, na nyingi katika hizo ndizo zinazosomwa leo katika vyuo vikuu. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, angalikuwa jina tupu lisilo na beti kama Mwalimu Sikujua hangalikuwa amezihifadhi tungo zake na kumpa W. E. Taylor azichukue. Diwani yenyewe ilikuja kuchapishwa mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi kuzikwa.

Naanza na hao kwa makusudi. Jambo ninalotaka kulisimulia hapa ni la mitambo, tena mitambo ya kigeni, na msomaji aweza kujiuliza linaingiaje katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Mimi naona kwamba mtu aliyekaa sebuleni kwake akanasa kipindi cha televisheni katika mkanda, na baadaye akakihamisha mkanda ule katika diski ya DVD, alikuwa akifanya kazi ile ile ya Kijuma. Tofauti ni kwamba Kijuma alijua anafanya nini. Sisi wengine tulidhani tunastarehe.

Mtambo wa kwanza wa kunasa picha za televisheni katika mkanda wa sumaku uliofaa kwa kazi ulionyeshwa na kampuni ya Ampex huko Chicago, Marekani, mwezi Aprili 1956. Ulikuwa mkubwa kama kabati na mkanda wake ulikuwa na upana wa inchi mbili. Kabla ya hapo kipindi cha televisheni kilikuwa kama neno la mdomo: kikishasemwa kimekwenda, isipokuwa pale mtu alipoielekeza kamera ya filamu kwenye kioo. Mtu angedhani kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitu kilichopotea. Mambo yakawa kinyume. Mkanda ulikuwa ghali, nao ulikuwa na sifa moja ya hatari, kwamba uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta vipindi vyake vingi katika miaka ya 1960 na 1970. Mchezo wake wa Doctor Who peke yake una sehemu zaidi ya 90 ambazo picha zake hazipo. Lakini sauti za sehemu zote hizo zipo, kwa kuwa watazamaji, wengine wakiwa vijana wadogo, walikuwa wameweka vinasa sauti mbele ya televisheni nyumbani. Shirika zima lenye wahandisi na maghala lilipoteza, na mtoto mwenye kinasa sauti akahifadhi.

Mfano mwingine ni wa mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa na hisa katika timu ya besiboli ya Pittsburgh. Mwaka 1960 timu yake ilipofika kwenye mchezo wa mwisho wa ubingwa, yeye alichelea kuutazama asije akaitia nuksi, akasafiri hadi Ufaransa, akaacha amewalipa watu wamnasie mchezo ule katika filamu kutoka kwenye kioo cha televisheni. Makopo ya filamu hiyo yalikutwa nyumbani kwake mwaka 2009, katika chumba cha mvinyo, miaka 32 baada ya kifo chake. Ndiyo nakala kamili ya mchezo ule inayojulikana.

Watu wa kawaida walipata uwezo huo Sony ilipotoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Wenye studio za filamu walikasirika. Huko Marekani walimshitaki Sony, na kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwezi Januari 1984 iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mtu anayenasa kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji sheria. Kura moja tu. Huwa nafikiri ingekuwaje kama hakimu mmoja angeamka vibaya siku ile.

Katika mji wa Philadelphia alikuwako mwanamke, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi. Kuanzia mwaka 1979 alinasa taarifa za habari usiku na mchana, deki kadhaa zikienda kwa pamoja, na hata safari za familia zilipangwa kwa kufuata saa za kubadili mikanda. Alifariki Desemba 2012, akaacha mikanda ipatayo 70,000. Walio karibu naye walimwona kuwa na wazimu kidogo. Mwaka 2013 mikanda ile ilichukuliwa na taasisi ya Internet Archive ya California ili iingizwe katika kompyuta, na wanahistoria wakashukuru.

Kwetu mambo yalikuja kwa mpangilio wa namna yake. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Upande wa Bara serikali ilichagua kutokuwa na televisheni kwa muda mrefu, ikaweka nguvu katika redio, nayo Redio Tanzania Dar es Salaam ikajaza rafu zake kwa tepu za muziki wa dansi, taarabu, ngoma na hotuba. Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994, kwa vituo vya watu binafsi. Kwa hiyo Bara deki ya video ilitangulia televisheni. Katika miaka ya 1980 ukisema una runinga maana yake ulikuwa na kioo cha kutazamia mikanda ya video, na hakuna zaidi. Tulijua kuingiza mkanda kabla hatujajua kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Jambo hilo lilikuwa na faida ambayo sijaona ikitajwa. Vituo vilipoanza, majumba mengi ya mjini yalikuwa tayari na deki, na deki zilikuwa na kitufe chekundu cha kunasia. Watu wakanasa. Wakanasa michezo ya kuigiza ya kikundi cha Kaole, wakanasa mechi, wakanasa taarabu za sikukuu. Mwezi Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu Julius Nyerere uliporudishwa kutoka London na taifa likalia hadi mazishi ya Butiama tarehe 23, deki zilizunguka siku nzima katika nyumba ambazo sebule zake zilijaa majirani. Mimi nilinasa mikanda minne. Sikuwa na fikira yoyote ya historia. Nilinasa kwa kuwa nilishindwa kukaa bure.

Sasa yafaa nieleze mkanda wenyewe, maana bila kuujua hautajulikana ugonjwa wake. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi, uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Ndani ya deki hupita polepole, sentimita mbili na kitu tu kwa sekunde, ukiizunguka pipa ndogo yenye vichwa vya kusomea inayojipindua mara 25 kila sekunde. Mguso ule ni wa kweli. Kila unapoucheza unaukwangua kidogo. Gundi nayo huzeeka. Unga huachia taratibu, na picha huanza kuingia michirizi myeupe, halafu hutikisika juu, halafu rangi hukimbia. Pwani kuna adui mwingine, naye ni ukungu. Katika mvua za masika nimefungua mabweta ya mikanda nikakuta utando mweupe umetanda kandokando ya utepe kama unga wa muhogo uliosahauliwa. Mkanda wa namna hiyo ukiutia katika deki unaiua deki pia. Na kunakili kutoka mkanda hadi mkanda hakusaidii sana, kwani kila nakala hupungua kuliko mama yake. Nakala ya nakala ya nakala huwa watu wake hawana nyuso.

Hapo ndipo lilipokuwa tumaini la diski. Pioneer ilitoa deki ya kwanza ya kunasia DVD ya nyumbani huko Japani mwishoni mwa mwaka 1999, na Panasonic ikafuata mwaka 2000 kwa diski za aina ya DVD-RAM. Kazi yake ni hii: picha inayoingia kutoka katika deki ya mkanda au antena hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu hubanwa zisichukue nafasi kubwa, kisha mwali mwekundu wa leza huzichoma katika tabaka jembamba la rangi iliyomo ndani ya diski. Hakuna kitu kinachogusa kitu. Diski moja ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Mwenye deki ndiye aliyeamua azitumieje: akitaka picha safi kabisa alipata saa moja, picha nzuri, saa mbili, akiwa bahili alipata saa nne au sita, lakini picha ikamlipiza kisasi, maana uso wa mtu akigeuka haraka ulivunjika vipande vipande kama sakafu ya marumaru.

Mimi nilikuwa bahili, na ubahili huo ndio kiini cha habari hii.

Mjomba wangu alikuwa malenga. Hakuwa na diwani iliyochapishwa. Tungo zake zilikuwa kichwani na katika vikaratasi, na watu wa Magomeni walimjua kwa maulidi na harusi. Mwaka 1998 alialikwa katika kipindi cha mashairi cha kituo kimoja cha televisheni, akaghani shairi lake la beti 14 juu ya bahari ya Pangani alikozaliwa, akiwa amevaa kanzu aliyoazima. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kuonekana katika kioo. Alifariki mwaka 2006. Katika vikaratasi vyake tulikuta mashairi mengi, lile hatukulikuta. Nikaenda kituoni nikiwa na barua iliyopigwa chapa na kugongwa mhuri, kama ilivyo kawaida yetu sisi watu wa masjala. Kijana mmoja mwenye adabu alinipeleka hadi kwenye rafu na kunionyesha. Mikanda ya vipindi vile ilikuwa imenasiwa juu yake vipindi vingine, na vipindi hivyo vingine vilikuwa navyo vimefutwa kunasiwa matangazo. Hakuna aliyefanya ubaya. Mkanda wa kazi ulikuwa ghali na fungu lilikuwa dogo, kama BBC ya miaka ya 1960.

Mkanda ulikutwa kwa fundi cherehani, jirani wa marehemu. Alikuwa amenasa kipindi kile kwa ajili ya kumtania mzee baadaye, kwamba amekuwa nyota. Ulikuwa mwishoni mwa mkanda wa filamu ya Kihindi, katika bweta lililokaa juu ya kabati miaka minane, na ukungu ulikuwa umeanza.

Nikaazima deki ya kunasia DVD iliyoletwa mtumba kutoka Japani. Hapo nikapata somo ambalo wengi wamelipata. Nchi yetu ilifuata mtindo wa PAL, wa mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Japani hufuata NTSC, yenye mistari 525 na picha 30, na umeme wake ni volti 100 tu, wakati wetu ni 230. Umeme niliutatulia kwa transfoma. Picha haikutatulika. Mjomba alionekana hana rangi, akipanda juu ya kioo na kurudi chini tena kama ndoo ya kisimani. Mwaka 2007 ndipo nikapata deki nyingine iliyonunuliwa Dubai, ambayo ilisoma PAL, nikaketi usiku mmoja kuhamisha kila kitu nilichokuwa nacho: mazishi ya Mwalimu, harusi mbili, fainali ya mpira, na mjomba. Diski tupu zilikuwa na bei, mshahara ulikuwa ule ule. Nikachagua saa sita kwa diski.

Kosa la pili lilikuwa la kutofunga. Diski iliyonasiwa husomwa na mashine iliyoinasa. Ili isomwe na deki nyingine yoyote sharti ifungwe, yaani mashine iandike mwanzoni mwa diski orodha ya yaliyomo. Shughuli hiyo huchukua dakika chache na hufanywa kwa kubonyeza vitufe viwili. Sikuifanya, kwa sababu nilikuwa sijasoma kitabu cha maelezo, nikairudisha deki kwa mwenyewe. Nilipoitia diski katika deki ya nyumbani ikasema diski ni tupu. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Pangani kumsikia nduguye. Nilimwambia mashine imeharibika.

Kwa bahati deki ile ya Dubai ilikuwa bado nzima, na baada ya wiki tatu diski zikafungwa. Shangazi alisikia. Ila picha ya saa sita ilikuwa mbaya: kila mjomba alipoinua mkono, mkono uligeuka mabunda ya rangi. Nikaamua kuunasa mkanda upya kwa saa moja, nipate picha iliyo safi. Katika marudio hayo utepe ulishikwa na pipa la deki, ukajikunja, na nilipoutoa ulikuwa umekunjamana pale pale kwenye ubeti wa tatu, na mbele ya hapo umepasuka. Kwa hiyo diski ile mbaya, ya ubahili, ndiyo iliyobaki. Mtu angeniuliza leo nimshauri nini, ningemwambia kwamba mkanda mkongwe uchezwe mara moja, na mara hiyo moja uwe umejiandaa kwa kila kitu.

Muda wa mashine zile ulikuwa mfupi kuliko tulivyofikiri. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Vikaja ving'amuzi. Deki za kunasia zilizokuwa na kipokezi cha analojia hazikuweza tena kupata kipindi kutoka hewani. Ilibidi zifungwe kwa waya nyuma ya king'amuzi, na king'amuzi kiachwe kwenye kituo kinachotakiwa, kwani hakikujua kubadili chenyewe. Wengi waliona ni taabu, wakaacha kunasa. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa mtengenezaji wa mwisho anayejulikana wa deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo. Mtu mwenye mkanda leo anatafuta deki nzima kama atafutavyo fundi wa saa za majira.

Hata diski si chuma. Rangi inayochomwa na leza ni kitu chenye uhai wa kemia. Jua huifisha, joto huichosha, na diski za bei rahisi tulizouziwa mitaani bila jina zilikuwa za kwanza kwenda. Mwaka 2019 nilizikagua zangu moja moja. Katika 40 nilizokuwa nazo, saba zilikataa, miongoni mwao mkanda wa pili wa msiba wa Mwalimu, ule wa watu waliopanga mistari kumuaga. Zilizobaki nilizihamishia katika kompyuta, nakala mbili, moja imekaa kwangu na nyingine kwa binamu Tanga. Kabla ya kuandika habari hii nilizifungua tena.

Wapo watakaosema kunasa ni wizi wa kazi za wasanii. Naijua hoja hiyo, na sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 iliwekwa kwa haki, maana waliokaa vibandani wakazalisha nakala mia na kuziuza waliwanyima wasanii riziki yao. Lakini yeye aliyenasa nakala moja kwa ajili ya nyumba yake hakumpokonya mtu kitu, na mara nyingine ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kurudisha. Tuna sheria ya nyaraka za taifa tangu mwaka 1965, na ile ya mwaka 2002 iliyochukua nafasi yake. Mimi nimeishi kwa majalada na naziheshimu. Ninalouliza ni kama tutamtuma mtu kwa fundi cherehani kuuliza juu ya kabati kuna nini. Bado wapo. Mikanda ya 1994 hadi 2000 iko chini ya vitanda vya Tandika, Ng'ambo na Ngamiani, na wenye nayo sasa wanahama, wanazeeka, na watoto wao huitupa kwa kuwa hawajui itasomwa na kitu gani.

Jambo moja la mwisho kuhusu shairi lile. Fundi cherehani alichelewa kupata mkanda wa kunasia, ndiyo sababu akatumia mwisho wa filamu, na alipobonyeza kitufe mjomba alikuwa amekwisha ghani beti mbili. Diski inaanza na ubeti wa tatu. Mwaka 2008 nilikwenda Pangani nikamkuta mzee mmoja, mvuvi mstaafu, aliyekuwa akiimbiwa shairi hilo chomboni kabla halijafika televisheni. Alinisomea beti zote mbili bila kusita, akirudia kila mshororo ili niandike. Kwenye ubeti wa pili alisema kuna neno moja ambalo mjomba alikuwa akilibadili kila mara, akanipa yote mawili. Niliyaandika yote mawili katika daftari, na daftari hilo liko katika bahasha moja na diski.